Nimekusitiri, Mwanangu

Juzi nilikuwa dukani Wete nasubiri kutolewa kopi. Pembeni yangu kijana mmoja, fundi umeme wa meli, alikuwa akisoma simu. Ghafla akaipiga kaunta kwa kiganja. Kampuni ya ng'ambo iliyokuwa tayari kumwajiri na kumlipia viza imemwandikia kuwa inamwacha: mtu ambaye kijana alimtaja ili aulizwe habari zake amesema hamjui kabisa.

Mtu mwenyewe ni bosi wake wa zamani. Akampigia pale pale, kaweka spika, duka zima tukasikia.

"Shikamoo, Mzee. Kuna watu walikupigia?"

"Marahaba. Walinipigia! Wanauliza ulifanya kazi gani, tabia zako vipi. Nikawajibu kwa Kiingereza changu chote kuwa simjui. Mgeni hapewi habari za mtu. Nimekusitiri, mwanangu."

Kijana akafumba macho. "Mzee, wale walitaka kunipa kazi."

"Sasa mbona hukunambia?"

"Safari haitangazwi, Mzee. Watu wana vijicho."

Bosi akaguna. "Hapo umefanya vyema."

Umefanya vyema! Jamani, tutasitiriana mpaka lini? Mmoja kaificha safari, mwengine kamficha msafiri, na wote wawili wanapongezana huku kazi imekwenda na maji. Hasidi hata hakupata nafasi. Tumemfanyia kazi yake wenyewe.

Nikamuuliza kijana ilikuwa nchi gani. Akatazama mlangoni, akaifunika simu kwa kiganja.

"Mbali mbali huko," akanijibu.