Jani Lililochomekwa Kwenye Redio

Kila nikipunguza ua wa masale mpakani, harufu ya majani yake mabichi hunirudisha uani kwetu, kwenye redio ya baba, ambayo betri zake tulizianika juani pamoja na kahawa.

Timu yetu ilikuwa nyuma bao moja. Mtangazaji akasema kocha anamtoa mshambuliaji, anaingiza beki.

"Beki!" baba akafoka. "Tumefungwa, halafu anaingiza beki! Huyu mtu ana akili kweli?"

"Kaka, kocha anajua kazi yake," alisema baba mdogo, jirani yetu wa ng'ambo ya masale.

"Basi nenda kasikilize kwako."

Baba mdogo hakuwa na redio. Aliinuka, akaiacha pombe yake ya mbege nusu, akapenya kwenye masale akaenda zake.

Jioni mama alichuma jani la masale, akalipiga fundo kama tufanyavyo tukiomba radhi.

"Mpelekee. Jani hili halikataliwi."

"Nitampa siku ya mechi ijayo," baba alisema, akalichomeka kwenye redio.

Siku ya mechi redio haikuwashwa. Tulikuwa migombani tukimzika baba mdogo, na baba amesimama na lile jani, limeshakauka, hajui amkabidhi nani.