Jina Ndani ya Ukuta

Juzi nilimwona kwenye runinga mwanasoka wa Hispania ambaye baba alimpenda sana, kichwa kimejaa mvi, watu wakigombea kupiga naye picha. Utotoni, alasiri moja ghorofani kwetu mtaani Thorncliffe Park, ughaibuni, baba alisikia habari zake, akazima runinga, akasema, "Basi, tumempoteza. Harudi tena."

Nilidhani amekufa. Sebule ilinuka maharage. Niliegemeza sikio ukutani, nikasikia maelfu ya watu wakiliita jina lake.

Leo najua alikuwa amestaafu soka, ametundika daluga tu, na jirani alikuwa akitazama kanda ya mechi yake ya zamani.

"Baba, wanamwita," nilinong'ona siku ile.

Baba akaja, akabandika sikio kando ya langu, akafumba macho.

"Waache wamwite, mwanangu," akasema. "Labda atasikia."