Siku ya Mama Kulala

Mafuta ya mbarika yana harufu nzito, ya mbegu zilizokaangwa zikaungua kidogo, na nyumba yetu ya Kalamba ilinuka hivyo miaka ya hamsini yote, mpaka nadhani hata kuku walitaga mayai yenye harufu hiyo. Mama alimkanda nayo baba miguu, iliyokuwa imekakamaa kama nguzo. Mkono wa baba ulitetemeka bila kupumzika. Usiku hakuweza kujigeuza, na akiota alirusha mateke ya kumwangusha fahali. Jina la ugonjwa huo, Parkinson, nililisoma uzeeni kwenye karatasi ya hospitali, mimi mwenyewe, mhitimu wa ngumbaru, masomo ya usiku. Wakati ule tuliujua kwa macho ya mama tu, mekundu kama pilipili. Mama alilala akiwa amesimama shambani, jembe mkononi, na naapa jembe liliendelea kulima.

Alikuwa katika mwethya, kikundi cha wanawake waliolimiana mashamba kwa zamu. Hakukosa hata shamba moja. Zamu yake ilipofika, akamwambia kiongozi wao, Shangazi Kalekye, dada yake baba wa tumbo moja: "Wifi, msinilimie. Njooni mkae na ndugu yako mchana mmoja tu, mumgeuze, mumnyweshe uji. Mimi nilale."

Wanawake wakacheka, wakamwita kwa jina langu mimi mwanawe. "Mama Syombua, utalala mpaka uote mizizi!"

Shangazi akamshika bega. "Wewe tandika mkeka tu, wifi. Huyo ni ndugu yangu."

Asubuhi ya siku hiyo mama alinawa miguu, akatandika mkeka kando ya ghala, akajifunika leso. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Punde nikasikia nyimbo zikipanda njia. Walikuja wote kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na jembe begani.

"Amka, wifi," shangazi alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka Kitui. "Nani amewahi kuona mwethya wa kulala? Watu watasema ndugu yangu ameoa mvivu."

Na kwa desturi yetu, anayelimiwa hupika. Mama akakunja mkeka. Akainjika chungu kikubwa cha isyo, mahindi na maharagwe ya kushibisha wote hao, huku baba akimwita ndani kila alipotaka kugeuzwa. Jioni wakaenda wameshiba. Shangazi hakuingia hata kumsalimu ndugu yake.

Shamba lile lilizaa ajabu. Shangazi alilisifu mpaka kufa kwake, nami niliitikia kwa adabu bila kumsamehe.

Leo namuuguza mume wangu, maradhi yale yale. Kila Jumamosi binti yangu huja kutoka Nunguni, akaninyang'anya kijiko cha uji na kunisukuma chumbani. "Lala, Mama. Ukitoka kabla ya saa kumi nakupeleka kwa chifu!" Basi nalala, nakoroma mpaka mabati yanataka kung'oka. Nikiamka, kabla hata sijavaa viatu, namkasirikia shangazi upya. Kumbe kilikuwa kitu chepesi hivi.