Sweta la Kuzamia Cherehani

Safari hii sikuiomba. Katika miaka ile ya baada ya vita, zilinifikia Kwihara, karibu na Tabora, habari za dada yangu Tereza, mjane aliyekuwa akiishi katika kijiji kimoja cha ziwani, kusini ya Ujiji. Alikuwa akihamisha vitu vyake kwa mtumbwi, mtumbwi ukapinduka karibu na ufuko. Watu walitoka salama. Cherehani yake, ile ya mkono aliyokuwa akiishi kwayo, ilizama. Shemeji yake Gabrieli, mdogo wa marehemu, alimfariji kwa kumwambia kwamba sasa hana njia nyingine ila kuhamia kwake awe mke wa pili. Aliyekuwa akipiga kasia siku hiyo ni Gabrieli huyo huyo.

Mimi ni mchimba visima. Ndoo ikikatika kamba, huitwa mimi kuizamia. Kwa ukoo wetu hilo lilitosha kunifanya bingwa wa maziwa yote ya Tanganyika. Pumzi ninayo, lakini baridi ya maji huniweza. Hata kisimani, ambako sikai sana, hutoka meno yakigongana.

Asubuhi ya kuondoka nilipitia mjini, mtaa wa Kanyenye, katika duka la Mzee Salumu, muuza nguo za kafa Ulaya, kama tulivyoziita zile nguo kuukuu zinazoletwa kwa marobota kutoka ng'ambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nikupe nini?"

"Nguo ya joto ya kuvaa majini. Isiwe ghali."

Alinitazama kidogo. "Watu wakiingia majini huvua nguo, baba."

"Mimi nitakaa humo sana."

Basi akaacha kushangaa, akaanza kuuza. Akatoa koti la mvua la mpira, akasema halipitishi hata tone. Akatoa koti zito la askari. "Hili limerudi kutoka vitani," akasema. "Kama risasi hazikulitoboa, maji yataanzia wapi?" Nikaona hoja hiyo haina jibu. Nikanunua yote mawili. Juu yake akanitupia sweta la sufu lililoliwa na nondo kiwikoni, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Garimoshi la Kigoma lilikuwa limejaa. Babu zetu waliikanyaga njia hiyo kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, na mimi niliipita nimeketi, nimepakata makoti. Tulipofika bonde la Malagarasi joto lilikuwa la kuivisha mayai. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu aliyatazama makoti, akanitazama na mimi.

"Unakwenda Ulaya?" akauliza.

"Hapana, mama. Nakwenda Ujiji."

Akasogeza kikapu chake mbali nami kidogo.

Kijijini nilimkuta Tereza amekonda. Nikamwamkia, akaitikia, akanikalisha, akanipikia samaki. Hakulia. Alisema tu, "Mdogo wangu, mimi kwa Gabrieli siendi. Lakini bila cherehani nitasema siendi mpaka lini?"

Kesho yake upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, na ziwa lilikuwa na rangi ya chuma. Gabrieli alitupeleka kwa mtumbwi wake, kwa adabu na bila haraka. "Shemeji," akaniambia, "ziwa likishachukua, limechukua." Nikavaa koti la mpira, nikaruka. Kweli halikupitisha maji, wala halikupitisha hewa. Lilivimba kama kibofu, likanirudisha juu, nikawa naelea tumbo juu na kichwa kimezama nusu. Wavuvi waliokuwa karibu waliacha nyavu zao wakatazama. Gabrieli alitazama pembeni, mabega yakimtikisika.

Siku iliyofuata nililivaa koti la askari, na hapo hapakuwa na kicheko. Lilinishusha vizuri sana. Niliiona cherehani imelala ubavu juu ya mchanga, karibu na jiwe kubwa. Nilipotaka kupanda, koti likakataa. Lilikuwa limekunywa maji, zito kama maiti. Nilipapasa vifungo kwa vidole vilivyokufa ganzi, kifua kinawaka, nikamwona mke wangu Anastazia akiambiwa nimekufa kwa sababu ya koti. Kifungo cha mwisho sikukifungua, nilikinyofoa. Nilipofika juu, aliyenishika mkono na kunivuta mtumbwini alikuwa Gabrieli. Uso wake ulikuwa umepauka. "Acha, shemeji," akasema. "Tafadhali."

Jioni nilikaa motoni nikitetemeka. Nikamweleza Tereza kwamba mwili wote ulikuwa barafu, isipokuwa makwapani, pale sweta nililovaa chini ya koti lilipokuwa likinibana. Tereza akaacha kukoroga ugali.

"Simama," akasema. "Livae."

Akalivuta huku na huku mwilini mwangu, akatia pini, akachukua sindano. Alishona kwa mkono akibana mbavuni, mgongoni, shingoni, mpaka kulivaa ikawa kazi ya watu wawili. Alisema kwamba sweta likipwaya, maji mapya huingia kila mara na kuondoka na joto. Likibana, yale yaliyoingia hukaa, nayo hupata moto.

Asubuhi akanipaka mafuta ya mawese, akaniingiza ndani ya sweta kama mtu anayejaza mto. Gabrieli akatupeleka tena pale pale. Maji yalinichoma mwanzo, kisha yakatulia. Sisemi nilikuwa na joto, ila vidole vilinitii. Nilizama na kamba, nikakosa, nikaota moto ufukoni, nikazama tena, nikaifunga cherehani shingoni mwake fundo la kisimani. Aliyeivuta alikuwa Gabrieli, na aliivuta polepole, asiigonge kwenye jiwe.

Tereza aliifungua yote, akaikausha, akaitia mafuta. Siku ya tatu gurudumu lilizunguka, kwa kulalamika. Kabla sijaondoka Gabrieli alikuja na kitambaa cha suruali, akasimama mlangoni kama mgeni. Tereza alimpima kiuno na miguu, akamwambia arudi Jumamosi. Hakumpunguzia bei. Habari za kuhamia hazikutajwa, wala sijasikia zimetajwa tena mpaka leo.

Nilirudi Tabora nimevaa sweta, maana halikuvulika bila mkasi na sikuwa na moyo wa kukata mishono ile. Siku hizi watu wa Kwihara huniuliza nguo gani inafaa kwa maji ya baridi, wakidhani nitataja duka. Nawaambia wachukue sufu kuukuu ya bei yoyote, wasipoteze fedha kwa unene wake. Fedha itakayobaki wampe fundi aliye na sababu ya kutaka warudi juu.