Bia ya Moto kwa Baba

Baba hunywa bia ya moto. Chupa ikitoka kwenye friji huigusa kwa kidole na kuirudisha. Nimelijua hilo tangu utotoni, lakini nilipomwalika kwangu, mtaa wa Mountain View, aje aonje bia niliyoitengeneza mwenyewe, halikunijia akilini hata kidogo. Niliwaza rangi, povu, glasi zisizo na alama za vidole. Nilitaka amalize glasi moja, basi. Hatukuwa tumewahi kunywa pamoja, na aliposikia kwamba binti yake anatengeneza pombe kwenye nyumba ya kupanga, aliniuliza kama mwenye nyumba anajua.

Yote nimejifunza kwenye video. Bia ilipomaliza kuchachuka niliihamishia kwenye kegi, lile pipa dogo la chuma, nikaiweka kwenye friji na kuiunganisha na mtungi wa gesi inayotia mapovu. Nikapaka sabuni kwenye kila kiungio, kama tunavyopima mtungi wa kupikia. Hakukuwa na kinachovuja. Nikapaka tena. Wiki nzima nilifungua friji kuangalia geji ya gesi kana kwamba kuna mgonjwa ndani. Mwishowe nikajimiminia: baridi, safi, povu juu limekaa vizuri. Nakiri nilitokwa na machozi.

Asubuhi ya siku ya Baba kuja, Mama akapiga simu.

"Umekumbuka babako hanywi kitu baridi?"

Nikaitoa kegi kwenye friji, nikaiweka juani kwenye roshani. Niliamini gesi ikishaingia kwenye bia imeingia. Kwenye video hakuna aliyewahi kutaja mtu anayetaka ya moto.

Baba alifika baada ya chakula cha mchana, akakaa hapo hapo roshani bila kuvua koti. Nikafungua mfereji wa kegi. Povu. Glasi ya pili, povu. Nikapunguza gesi, nikaongeza, nikainamisha glasi, nikafunga kila kitu na kuanza upya. Povu. Sikujua bado kwamba joto huifukuza gesi kwenye bia. Bia ilikuwa ile ile, mtungi ule ule, mikono yangu ile ile.

"Mami," alisema, ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Hii ni ya kunywa ama ni ya kunyoa ndevu?"

"Ngoja kidogo, Baba. Iko na shida ya gesi."

"Gesi ni ya nini?"

"Si ndiyo inafanya iwe bia?"

"Wacha hiyo. Lete kijiko."

Akakoroga, vile hukoroga soda tangu tumbo lianze kumsumbua. Povu likashuka. Ikabaki nusu glasi ya kitu cha kahawia, kimetulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Wiki yangu nzima ilikuwa imepotelea hewani, na nusura nimpokonye glasi. Akanywa taratibu, macho yake kwenye magari ya Waiyaki Way, mpaka ikaisha.

"Iko aje?" nikauliza.

"Inanyweka." Akaninyooshea glasi. "Ongeza. Na yako iko wapi?"

Sikuwa nimejiwekea. Nikachukua glasi moja ya povu, nikakaa kando yake. Akanipa kijiko. Nilikishika kwa muda, nisijue kama nimefaulu ama nimeharibu, kisha nikakoroga.