Kilichopandwa Ndani ya Kioo

Mwaka 2015, kiangazi kikielekea ukingoni, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na ujane wangu ulikuwa na miezi mitatu na nusu. Siku ya Jumanne, tarehe 24 Februari, niliondoa shuka lililofunika tangi la kioo sebuleni kwetu Kator, mjini Juba, nikaamua kulitia maji, mimea na samaki, kama alivyokusudia marehemu mume wangu.

Nataja tarehe kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka thelathini na mitatu, ukimbizini Uganda, nimeketi nyuma ya watoto ambao ningeweza kuwazaa. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mkenya mwembamba asiyependa utani, alituambia kwamba karatasi isiyo na tarehe ni uvumi. Nimeishi kwa kanuni hiyo tangu siku ile, na sijapata kuijutia.

Mume wangu alikuwa seremala. Vita vilipozuka mjini Desemba 2013, mwenye hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat alifunga milango akarudi kwao, akamwachia mume wangu tangi lililokuwa likipamba ukumbi wa mapokezi. Lilikuwa na urefu wa mita moja na nusu. Upana na kina chake ni nusu mita. Wanaume wanne walilibeba hadi kwetu huku majirani wakitikisa vichwa. Wiki zile watu walikuwa wakibandika utepe kwenye vioo vya madirisha ili visiwarukie watoto risasi zikilia, na sisi tulikuwa tunaingiza ndani kioo kikubwa kuliko vyote mtaani.

Yeye alikuwa ameliona tangi lile likiwa hai. "Ni kama mtu amekata kipande cha mto kwa msumeno, akakisimamisha mezani," aliniambia kwa kunong'ona. Mimi nilicheka. Nilichota maji ya mto tangu utotoni, na sikujua kilichomo cha kumfanya mtu mzima anong'one. Alilitengenezea meza ya mvule yenye miguu minane, akaipima kwa pimamaji mara tatu. Akafariki tarehe 9 Novemba 2014, kwa ugonjwa wa ini, kabla ya kutia ndani yake hata kikombe kimoja.

Katika ukoo wa mume wangu, matanga yakimalizwa, vitu vya marehemu hugawanywa kati ya ndugu zake wa kiume. Nyumba haikuwa na mgogoro, kwa kuwa iliandikwa kwa jina langu. Lakini baiskeli, redio, randa na misumeno vilikuwa na wenyewe tayari, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa amechagua tangi. Ana duka la simu mtaa wa Malakia, na alitaka kulilaza kifudifudi liwe kabati la kuonyeshea bidhaa.

"Mke wa kaka, mimi iko wazi," alisema, akikigonga kioo kwa pete yake. "Matanga ikiisha mwezi wa sita, hii nachukua. Wewe utafanya nayo nini? Utaoga?"

"Nitalijaza," nilisema.

"Jaza, mwalimu. Jaza. Mwezi wa sita nitamwaga."

Huniita mwalimu anapotaka kuniudhi, kwa sababu ya kusoma kwangu uzeeni. Mimi huitikia kama cheo.

Nilianza kwa kulijaribu uani kwa maji. Siku ya tatu kona moja ilitoa jasho. Nikalikausha, nikaliziba kwa gundi ya mafundi wa vioo, nikangoja juma zima. Mashine ya hoteli ya kusukuma hewa haikuja na tangi, na hata ingekuja, umeme wa kuiendesha haukuwepo. Nilikuwa na dirisha la mashariki, na nilikuwa na miaka kumi na saba ya kulima bustani ukimbizini. Nilidhani hiyo inatosha. Hapo ndipo nilipokosea.

Mkulima wa kwetu hapandi kitu bila samadi. Nilileta udongo mweusi wa ukingoni mwa mto, na nilipokuwa nikiuchekecha, shemeji alipita akaona. Yeye hufuga mbuzi. Kesho yake akaja na gunia begani, akicheka mpaka machozi.

"Shamba ya mwalimu hii! Lima, mke wa kaka. Samadi ya mbuzi wangu ni ya nguvu. Ukipata mahindi humo ndani, nipe gunzi moja."

Nilishukuru, maana samadi ni samadi. Nikaichanganya na udongo, nikafunika kwa mchanga niliouosha mara kumi na nne, nikapanda majani marefu membamba ya mtoni kwa mistari iliyonyooka, kama vitunguu. Tarehe 14 Machi nilimimina mapipa karibu mawili ya maji. Tarehe 19 maji yalikuwa ya kijani. Tarehe 22 yalikuwa mazito, na nyumba ilinuka kama zizi lililofurika.

Jirani yangu, mama anayekaanga samaki karibu na mto, aliingia akifunika pua kwa kanga.

"Ya mama! De shunu?" aliuliza kwa Kiarabu chetu cha Juba: hiki ni nini? "Umepika bamia ya mtaa mzima?"

"Ni bustani," nilisema.

"Bustani imeoza, mama. Mto haiwekwi samadi. Nani alikuona mto inalimwa?"

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Kwa siku mbili nilitoa kila kitu kwa ndoo na kukimwaga kwenye mboga za uani, ambazo zilinenepa kupita kiasi. Kisha, asubuhi ya tarehe 28 Machi, nilikwenda na jirani yangu hadi kwenye kidimbwi kilichojitenga na mkondo, nikafanya jambo ambalo katika miaka hamsini na miwili sikuwahi kulifanya: niliuchungulia mto bila kuwa na haja ya kuchota.

Chini ya maji hakukuwa na mistari. Majani marefu yalisimama makundi makundi, mafupi yalijificha kivulini mwa marefu, na mengine yenye manyoya kama mkia wa mbweha yalielea bila mzizi wowote. Udongo ulikuwa maskini, mchanga na tope kidogo. Na kila kitu kilistawi. Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nilihisi kama mtu aliyeishi jirani na nyumba maisha yake yote, halafu siku moja akakuta mlango uko wazi.

Nilipanda upya kwa kuiga nilichokiona. Tope kidogo, mchanga mwingi, mimea iliyosongamana, mayungiyungi mawili madogo nyuma. Maji yakawa ya kijani tena, ingawa si mazito. Safari hii sikuyamwaga. Jirani yangu alileta ndoo ya maji ya kidimbwi yenye vidudu vidogo kuliko punje ya ulezi, vinavyorukaruka kama viroboto.

"Hizi ndizo zinakula kijani," alisema. "Kule kidimbwi nimeziona. Wewe ngoja tu."

Nilingoja siku tisa. Katika siku hizo milio ya bunduki ilisikika upande wa mlima, na malori ya maji hayakuja. Tulikunywa kwa kipimo, na sitaficha kwamba niliyatazama mapipa yangu mawili ya maji kwa aibu. Lakini asubuhi ya tarehe 17 Aprili, Ijumaa, kengele ya kanisa kuu ikilia, jua liliingia dirishani likapita tangi zima toka upande huu hadi ule, na ukuta wa nyuma ukachezacheza mwanga. Maji yalikuwa yametoweka. Ilibaki mimea tu, imesimama katika kitu kisichoonekana. Kisha, jua lilipopanda, kila jani likaanza kutoa viputo vya hewa, uzi baada ya uzi, bila sauti, kana kwamba majani yalikuwa yakipumua mbele yangu. Nilikaa kwenye kiti cha marehemu. Nilisema kwa sauti, "Nimekiona." Alikuwa amesema kweli kuhusu msumeno.

Siku hiyohiyo nikakumbuka tarehe ya matanga. Nilikuwa nimebakiwa na miezi miwili.

Nilipata wazo la kujitetea tarehe 3 Mei, na naliandika hapa bila kujipamba. Katika mila ya ukoo wa mume wangu kipo kitu kimoja tu cha marehemu ambacho hakigawanywi: shamba lililokwisha kupandwa. Hata kama ardhi ni ya mwingine, aliyepanda huachiwa mpaka avune. Sikupanda tangi kwa ujanja huo. Lakini nilipolifikiria, sikulifukuza.

Mei hiyohiyo jirani yangu alinivulia samaki wanane kwa kipande cha chandarua. Wakubwa wao walilingana na kidole changu cha shahada.

"Kidogo namna hii, hata mafuta ya kukaangia itacheka," alisema, akiwamimina.

Mmoja, jike la rangi ya majivu, aliacha kula mwanzoni mwa Juni. Kidevu kilimvimba. Nilidhani anakufa, nikamwandalia kopo la kumtolea. Tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi, alifungua kinywa, na ndani yake mkatoka watoto: kumi, ishirini, sikuweza kuhesabu, kila mmoja macho mawili na mkia. Nilisogeza mkono kwenye kioo. Kivuli changu kilipowafikia, wote waligeuka wakakimbilia kinywani mwa mama yao, naye akakifunga. Karibu wiki mbili alikuwa ameshinda njaa ili asiwameze.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa na kesi ya kuandaa.

Matanga yalimalizwa Jumamosi, tarehe 13. Jumatatu nilipeleka shauri kwa sultani, ndivyo tunavyomwita chifu wa mtaa, na Alhamisi asubuhi baraza likaketi: sultani, wazee wawili, na karani mwenye daftari. Shemeji alivaa suti.

"Hii kioo ilikuwa ya kaka yangu," alisema. "Kioo ni chombo. Sahani pia ni chombo. Kuna mtu anaiita sahani shamba?"

Wazee walicheka. Mimi nilisema niliyoyaandaa: kwamba ndani mna udongo, mna mimea, mimi nimepanda, na bado sijavuna. Wazee walicheka tena, sasa kwangu. Mmoja aliuliza kama nina pembejeo. Niliona wazi kwamba jioni ile tangi lingelazwa kifudifudi Malakia, na yule samaki mama wa rangi ya majivu angemwagwa uani.

Shemeji alikuwa ameshinda. Angenyamaza, khalas, yangekwisha. Lakini hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Na hata kama ni shamba," alisema, akinyoosha suti, "na mimi nina haki humo. Samadi ilikuwa ya nani? Gunia zima, ya mbuzi wangu! Nimeleta kwa bega langu!"

Sultani akavua miwani.

"Ulipeleka samadi?"

"Nilipeleka."

"Kwenye sahani?"

Karani alikohoa ndani ya daftari.

"Mwanangu," sultani alisema, "tangu nizaliwe sijaona mtu anatia sahani samadi. Twende tukaone hilo shamba."

Walikuja wote, wakavua viatu mlangoni. Ilikuwa karibu saa sita, na majani yalikuwa yameanza kutoa viputo. Mzee aliyenidhihaki juu ya pembejeo aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Watoto wa samaki, waliokuwa wakielea mbele kama vumbi lenye macho, waliuona uso wake. Wakageuka. Wakaingia kinywani mwa mama yao mmoja mmoja, kwa haraka, na sultani na wazee wote wawili wakavuta pumzi kwa pamoja. Sultani alijishika kifua.

"Amewala?" karani alinong'ona.

"Amewaficha," nilisema. "Ngojeni."

Tulisimama pale, watu sita katika sebule ndogo, hakuna anayesogea, mpaka mama yule akafungua tena kinywa na wote wakatoka.

Hukumu ilisomwa papo hapo. Kilichopandwa hakigawanywi; tangi litabaki kwa aliyelipanda maadamu mna mmea hai ndani yake; siku likikauka, kioo kitakwenda kwa ndugu wa marehemu. Shemeji aliuliza mavuno ni lini ili naye ajue. Karani alimtazama sultani, sultani akamtazama samaki, na kwenye nafasi ya tarehe ya mavuno ukapigwa mstari.

Daftari liliponifikia nilisoma ukurasa wote kabla ya kutia sahihi. Karani alikuwa ameandika tarehe 17.

"Leo ni tarehe 18 Juni," nilisema. "Alhamisi."

"Sahihisha, karani," shemeji alisema. "Huyo mwalimu atakufungulia kesi na wewe."

Karani akasahihisha, na mambo yakawa yamekwisha rasmi. Wazee walivaa viatu, wakatoka wakibishana kama samaki ana maziwa. Shemeji alibaki. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo na suti yake, mikono mapajani, pete haigongi kitu. Kivuli chake kilikuwa kimewaogopesha tena watoto wa samaki.

"Mke wa kaka," alisema polepole, bila kugeuka. "Ile moja ya mwisho, ile ilichelewa. Imeingia?"

Niliinama kando yake, nikatazama.

"Imeingia," nilisema.