Zamu Yangu ya Kuutetea Utumwa

Miaka ya tisini ikikaribia kwisha, nikiwa mwanafunzi wa chuo huko Marekani, mwalimu wetu wa historia alitutaka tuigize mjadala wa Seneti wa mwaka 1862 kuhusu kukomesha utumwa katika jiji la Washington. Tuliokota vikaratasi vilivyokunjwa. Changu kiliandikwa: seneta mpinzani.

Wiki nzima nilisoma maktabani hotuba za maseneta waliopinga. Nilitarajia matusi. Nilikuta watu wanaozungumza kwa utulivu juu ya haki ya mwenye mali, fidia, na meli za kuwapeleka mbali watakaoachiwa huru, hata Afrika. Kilichonitisha ni kwamba sehemu ya maneno yale nilishayasikia. Kwetu Pemba, bibi yangu alikuwa akisimulia jinsi baba yake alivyokwenda serikalini kudai fidia ya watu wa shamba lake la mikarafuu walipoachiwa huru, na alisimulia kama binti wa mtu aliyedhulumiwa.

Nilimweleza shangazi, ambaye nilikuwa nikiishi kwake Takoma Park, pembeni mwa Washington. Alikuwa akipiga pasi; akaiweka chini.

"Soma hotuba yako ukae," akasema. "Ya Pemba yaache Pemba."

Siku ilipofika, aliyepangiwa kunijibu alikuwa mama mmoja wa darasa letu, Mmarekani mweusi, muuguzi, ambaye wazee wake walikuwa watumwa katika mashamba ya tumbaku ya Maryland. Alikaa mstari wa mbele, macho kwangu. Nilipofika kwenye meli za Afrika, nikasoma bila kuinua macho.

Akasimama bila karatasi yake. "Wewe unatoka huko," akaniambia taratibu. "Wangetupokea?"

Mwalimu akasema swali hilo halimo kwenye mjadala. Ningeweza kujificha hapo. Badala yake nikajikuta nasema, "Kwetu, sisi ndio tuliokuwa na watumwa."

Yule mama akaketi tena.

"Basi malizia," akasema. "Nataka kuisikia yote."

Nikamalizia. Akanijibu hoja kwa hoja, kura ikapigwa, nikashindwa. Baada ya kipindi nilimsubiri koridoni. Akanipita, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye alikuja kuketi karibu nami, akauliza watu wa shamba lile waliitwa nani. Sikujua. Akaniambia niulize.

Nikaandika barua nyumbani bila kumwambia shangazi. Jibu la bibi lilikuja kwa mwandiko wa kaka yangu: alikumbuka majina mawili tu. Yule mama aliyanakili daftarini mwake, kisha akaniomba nimfundishe kuyatamka.